KINANDA NA KANISA LA ISIOLO

Msafiri atokaye Nairobi kwenda Isiolo husafiri karibu kilometa 280, na katika safari hiyo huona nchi mbili zisizofanana. Hupita kwanza Thika, Karatina na Nanyuki, penye mashamba na hewa ya baridi. Hupanda ubavu wa Mlima Kenya mpaka Timau, ambako ngano humea na watu huvaa makoti hata mchana. Kisha barabara yaanza kuteremka. Baridi yakatika, miti mirefu yapungua, migunga yajitokeza, na mbele yake yatandazika nchi tambarare yenye rangi ya vumbi, na vilima vya mawe vimesimama kimoja kimoja kama vichuguu. Chini ya mteremko huo ndipo ulipo mji wa Isiolo, lango la Kenya ya kaskazini.

Mjini humo mtu husikia lugha nyingi kwa muda mfupi: Kiborana, Kisomali, Kimeru, Kisamburu na Kiturkana, na juu ya zote Kiswahili, ambacho ndicho huwawezesha wauza mifugo, wenye maduka na askari kuelewana. Waislamu ni wengi, na minara ya msikiti ulio kando ya barabara kuu ndiyo humkaribisha mgeni. Wakristo nao wapo, na Wakatoliki miongoni mwao wana kanisa lao kuu, liitwalo Kanisa la Mtakatifu Eusebi.

Mgeni aliyezoea makanisa makuu ya Ulaya, au hata kanisa kuu la Waanglikana la Unguja, akiingia katika kanisa hilo la Isiolo huenda akageuka na kuinua macho, akitafuta kinanda kikubwa cha mabomba, maana kanisa lenye jina kuu kama hilo, na lenye kiti cha askofu, adhaniwa kuwa nacho. Hatakiona. Labda atasema moyoni kwamba ni umaskini wa nchi kame, akapita. Lakini mtu akiifuata habari ya kinanda tangu mwanzo wake, na habari ya huyo Eusebi ambaye kanisa limepewa jina lake, ataona kwamba jambo hilo lina maana nyingine, na kwamba kanisa la Isiolo halikupungukiwa na kitu cha lazima.

MJI WA LANGO

Yafaa kwanza kueleza jinsi mji wenyewe ulivyoanza. Baada ya Vita Kuu ya kwanza, iliyokwisha mwaka wa 1918, Serikali ya Kiingereza iliwapa askari wa Kisomali waliokuwa wameitumikia ruhusa ya kukaa Isiolo na mifugo yao. Mahali hapo palikuwa na maji ya mto na malisho. Pia palifanywa kituo cha kuwazuia ng'ombe watokao kaskazini, wachunguzwe maradhi kabla ya kuingia katika nchi ya mashamba. Baadaye Isiolo ukawa makao makuu ya Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, nchi kubwa iliyojulikana kwa herufi zake tatu za Kiingereza, NFD.

Nchi hiyo ilikuwa imefungwa. Sheria ya mwaka wa 1902 iliipa Serikali uwezo wa kuzuia watu kuingia katika wilaya za mbali, na sheria nyingine zilizofuata zikakaza kamba. Katika barabara ya Isiolo paliwekwa kizuizi, na mtu asiye na kibali hakupita. Ndipo watu wa kaskazini walipozoea kusema, waendapo Nairobi, kwamba wanakwenda Kenya, kana kwamba wao walikuwa katika nchi nyingine.

Kizuizi hicho hakikuwazuia wafanyabiashara peke yao. Wamisionari nao walizuiwa, kwa kuwa Serikali haikutaka mabishano ya dini miongoni mwa watu wa malisho, nao wengi wao walikuwa Waislamu. Basi wakati Wamisionari wa Consolata, ambao chama chao kilianzishwa Turin, Italia, mwaka wa 1901, walipokuwa wamekwisha kuenea katika nchi ya Wakikuyu na ya Wameru, nchi iliyo chini ya mteremko ilibaki karibu bila misheni kwa miaka mingi. Misheni chache sana ziliruhusiwa. Kanisa Katoliki lilipoanza kazi yake Isiolo, lilikuwa likichelewa nyuma ya Nyeri na Meru, na kwa muda mrefu lilitunzwa kutoka Meru.

MTU WA VERCELLI

Jina la Eusebi lilitoka mbali. Kaskazini ya Italia, katika bonde pana la mto Po, kuna mji uitwao Vercelli. Ni nchi ya maji na mpunga. Mashamba yake hufurika maji wakati wa kupanda, na mchele wake ni mashuhuri katika Ulaya nzima. Askofu wa kwanza wa mji huo anayejulikana kwa jina alikuwa Eusebi, aliyeishi katika karne ya nne.

Habari zake ni za mtu shupavu. Mwaka wa 355 Kaisari Konstansio alikusanya maaskofu mjini Milano, akawataka wamlaani Athanasi, Askofu wa Iskanderia katika Misri. Eusebi alikataa. Kwa ajili ya neno hilo moja alihamishwa akapelekwa mbali, kwanza Palestina, kisha Kapadokia, na mwisho Thebaidi katika Misri ya juu. Hakurudi kwake mpaka Kaisari huyo alipokufa na mwingine kuwapa maaskofu ruhusa ya kurejea. Alifariki mwaka wa 371. Katika hazina ya kanisa kuu la Vercelli kimehifadhiwa kitabu cha kale sana cha Injili kwa Kilatini, ambacho tangu zamani husemwa kuwa ni kazi ya mkono wake.

Mwaka wa 1957 Papa Pius wa 12 aliandika barua kwa maaskofu wote, akiwasihi wenye mapadre wengi wawaazime ndugu zao wa Afrika. Majimbo mengi ya Italia yaliitikia, na Vercelli likawa mojawapo. Miongoni mwa mapadre wake waliokuja Kenya alikuwamo Luigi Locati, aliyezaliwa Vinzaglio tarehe 23 Julai 1928. Alifika katika miaka ya 1960, akahudumu Isiolo miaka mingi. Si ajabu basi kwamba kanisa la mji huu lina jina la yule askofu wa kale wa Vercelli. Mmoja alipelekwa Afrika kwa amri ya Kaisari, na mwingine alikuja kwa hiari yake.

KINANDA KILIPOZALIWA

Sasa na turudi kwenye kinanda. Watu wengi hudhani kwamba kinanda cha mabomba ni kitu cha Wazungu tangu mwanzo. Sivyo. Kilizaliwa Afrika, katika Iskanderia ya Misri, miaka zaidi ya 200 kabla ya kuzaliwa Kristo. Aliyekibuni aliitwa Ktesibio, naye husimuliwa kuwa alikuwa mwana wa kinyozi. Mtu huyo alikuwa fundi hodari wa mambo ya maji na hewa. Alifikiri hivi: filimbi yatoa sauti kwa pumzi ya mtu, lakini pumzi ya mtu huchoka, na mtu mmoja hawezi kupuliza filimbi nyingi kwa mara moja. Je, pumzi hiyo isipatikane kwa pampu?

Akaunda chombo ambacho pampu yake ilisukuma hewa ndani ya kasha lililozamishwa katika maji. Uzito wa maji uliikandamiza hewa hiyo, ikatoka kwa nguvu iliyo sawa, bila kupanda wala kushuka. Juu ya kasha aliweka safu ya mabomba, na vipande vya kubonyeza kwa vidole, ili kila kipande kikibonyezwa bomba lake lipate hewa na kulia. Wenye kujua kazi ya mhunzi wataelewa upesi. Mivukuto ya mhunzi hupeleka hewa katika makaa, na ya kinanda hupeleka hewa katika mabomba. Kila bomba lina sauti yake moja tu. Bomba refu hutoa sauti nzito, na fupi hutoa sauti nyembamba, ndiyo maana kinanda kikubwa huwa na mamia ya mabomba, na vingine maelfu.

Chombo hicho kilipendwa sana katika Dola ya Kirumi, lakini hakikupendwa kwa ajili ya sala. Kilipigwa katika michezo na sherehe. Huko Zliten, katika Libya ya leo, imevumbuliwa sakafu ya vijiwe vya rangi ya zamani za Warumi, nayo yaonyesha watu wakiuana uwanjani kwa panga ili kuwafurahisha watazamaji, na kando yao mpiga kinanda akiwapigia. Wakristo wa kwanza, ambao baadhi ya ndugu zao waliuawa katika viwanja kama hivyo, hawakuwa na hamu ya kuisikia sauti hiyo kanisani. Waliimba zaburi kwa vinywa vyao tu.

Hapo ndipo msomaji atakapoona jambo la kushangaza. Eusebi mwenyewe, askofu wa Vercelli, hakuwa na kinanda katika kanisa lake. Aliishi miaka zaidi ya 500 baada ya Ktesibio, na alihamishiwa katika nchi ile ile ya Misri ambako kinanda kilizaliwa, lakini waumini wake walimwimbia Mungu bila chombo cho chote. Kwa hiyo kanisa la Isiolo, likikosa mabomba, limekosa kitu ambacho mtakatifu wake hakuwa nacho.

Kinanda kiliingia makanisani polepole, baada ya karne nyingi. Mwaka wa 757 Kaisari wa Konstantinopoli alimpelekea Pipino, mfalme wa Wafranki, kinanda kiwe zawadi, nacho kikawa ajabu kubwa katika Ulaya ya magharibi, ambako ufundi huo ulikuwa umesahauliwa. Toka hapo watawa walijifunza kukiunda, na kabla ya mwaka wa 1100 makanisa na nyumba za watawa kadha wa kadha zilikuwa nacho. Hivyo chombo cha Mwafrika kilichokuwa cha viwanjani kiligeuka kikawa mtumishi wa altare.

KINANDA CHARUDI AFRIKA

Kilirudi Afrika ya Mashariki kwa merikebu. Kinachojulikana sana ni kile cha Kanisa Kuu la Kristo, Unguja. Kanisa hilo lilijengwa mahali palipokuwa soko la watumwa, soko lililofungwa mwaka wa 1873, na jiwe la msingi likawekwa siku ya Krismasi mwaka huo huo. Msimamizi wa ujenzi alikuwa Edward Steere, aliyepata kuwa askofu wa misheni hiyo, na ambaye wasomaji wa Kiswahili wamkumbuka kwa vitabu vyake vya lugha na kwa kazi yake ya kutafsiri Maandiko. Kinanda chake ni kazi ya nyumba ya Henry Willis wa London, fundi aliyeunda vinanda vya Ukumbi wa Royal Albert na Kanisa la Mtakatifu Paulo katika mji huo. Mahali ambapo zamani watu walilia wakiuzwa, sauti ya mabomba imeandama nyimbo za watu huru.

Kwa nini basi kinanda kama hicho hakikupanda mpaka Isiolo? Sababu si moja.

Kwanza ni ule wakati na kile kizuizi cha barabara. Mji wa pwani ulikuwa na bandari na misheni miaka 50 kabla Isiolo haujawa mji.

Pili ni asili ya chombo chenyewe. Kinanda cha mabomba ni mbao, ngozi na madini vilivyounganishwa kwa ufundi mwingi. Hewa ikiwa kavu mno, mbao hujikunja na kupasuka, na kasha la hewa huanza kuvuja. Ngozi ya mivukuto hukauka na kukatika. Vumbi huingia katika midomo ya mabomba, na mchwa hawabagui kati ya mbao za kinanda na za boma. Joto nalo huharibu mapatano ya sauti. Hewa ikipata moto, sauti ya mabomba mengi hupanda, lakini yale yenye ulimi wa shaba ndani yake hayapandi kwa kipimo hicho hicho. Kinanda kilichopatana vizuri asubuhi huenda kikagombana chenyewe ifikapo adhuhuri. Kukirudisha katika mapatano huhitaji fundi, na fundi wa kazi hiyo ni mtu adimu katika Afrika ya Mashariki yote.

Tatu ni gharama. Kinanda kimoja cha mabomba, hata kikiwa kidogo, ni mali nyingi. Katika nchi ambayo ukame hurudi mara kwa mara na kuteketeza ng'ombe, padre mwenye fedha mkononi hutazama kwanza kisima, kisha zahanati, kisha shule. Wenye kuijua nchi hiyo hawatamlaumu.

Makanisa mengi ya namna hiyo katika Kenya yalitumia kwanza kinanda kidogo cha kukanyaga kwa miguu, ambacho hakina mabomba bali vipande vyembamba vya shaba vitetemavyo hewa ipitapo. Kilibebeka kwa lori, na mwalimu wa shule aliweza kujifunza kukipiga. Baadaye kikaja kinanda cha umeme, nacho ndicho chasikika leo katika makanisa mengi ya nchi, pamoja na ngoma na kayamba.

SHERIA YA MWAKA WA 1903 NA YA MWAKA WA 1963

Lakini ngoma haikuingia kanisani bila ruhusa, na habari hiyo ni sehemu ya habari ya kinanda. Mwaka wa 1903, mwaka mmoja tu baada ya Wamisionari wa Consolata kufika Kenya, Papa Pius wa 10 alitoa amri juu ya muziki wa kanisa. Alikipa kinanda cha mabomba heshima yake, akakataza piano na vyombo vya makelele, na ngoma zikatajwa kwa jina kati ya vilivyokatazwa. Papa huyo alikuwa akifikiri makanisa ya Italia, ambamo nyimbo za michezo ya kuigiza zilikuwa zimeingia mpaka altareni. Hata hivyo amri hiyo ilifika Afrika pia, na Mwafrika aliyebatizwa akaiacha ngoma yake nje ya mlango pamoja na nyimbo za baba zake, akaingia kuimba Kilatini.

Mambo yakabaki hivyo miaka 60. Kisha ukafika mwaka wa 1963, ambao watu wa Isiolo hawawezi kuusahau. Tarehe 28 Juni mwaka huo, Daudi Dabasso Wabera, Mwafrika wa kwanza kuwa Mkuu wa Wilaya ya Isiolo, alipigwa risasi akauawa njiani pamoja na Chifu Haji Galma Dida, wakati kaskazini yote ilipokuwa ikitokota kwa swali la kubaki Kenya au kuungana na Somalia. Tarehe 4 Desemba, mjini Roma, Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitoa hati yake juu ya liturujia. Siku nane baadaye, tarehe 12 Desemba, Kenya ilipata uhuru. Kabla mwezi huo haujaisha Serikali mpya ilitangaza hali ya hatari katika kaskazini, na vita vilivyoitwa vya Shifta vikaendelea mpaka mwaka wa 1967.

Hati ile ya Roma haikukiondolea kinanda cha mabomba heshima yake. Ilisema kiendelee kuthaminiwa sana katika Kanisa la Kilatini. Lakini iliongeza kwamba vyombo vingine vyaweza kukubaliwa, kwa idhini ya wakuu wa Kanisa wa mahali hapo, mradi vifae kwa ibada. Tena kwamba katika nchi za misheni watu wenye muziki wao wa asili waheshimiwe, na muziki huo upewe nafasi katika sala. Mwaka huo huo Padre Stephen Mbunga wa Tanganyika alitoa kitabu juu ya sheria ya Kanisa na muziki wa Kibantu. Na katika Kongo, tangu mwaka wa 1958, misa iliyoimbwa kwa mitindo ya Kikongo huko Kamina ilikuwa imekwisha kusikika hata Ulaya. Mlango uliofungwa mwaka wa 1903 ukafunguliwa.

Mapadre waliofika Isiolo katika miaka hiyo, basi, walifika wakati ambapo kosa la kukosa kinanda lilikuwa limefutwa, na wakati ambapo mji wenyewe ulikuwa katika hofu.

KINANDA CHA WATU

Waliokuwa wakiwangoja ni watu waliojua kuimba. Wameru walikuwa na ngoma zao. Wasamburu, kama ndugu zao Wamaasai, hawana desturi ya ngoma. Mmoja huanza wimbo kwa sauti ya juu, na wenzake humwitikia kwa sauti nzito itokayo kifuani, kila mmoja akishika sehemu yake, na pumzi zao zapanda na kushuka pamoja. Mtu akiwasikia kwa mbali wakati wa jioni huenda akadhani pana chombo. Hakuna chombo ila vifua vya watu. Ktesibio alitafuta pampu kwa sababu pumzi ya mtu mmoja huchoka. Wasamburu walipata dawa nyingine ya ugonjwa huo huo: mmoja akipumua, wenzake hushika wimbo, nao haukatiki.

Hii ndiyo maana ya kusema kwamba kanisa la Isiolo halikupungukiwa. Kinanda cha mabomba ni chombo kizuri, na mwenye kukisikia Unguja akishukuru ana haki. Lakini ni chombo cha kuusaidia wimbo. Wimbo wenyewe ni wa watu, nao waweza kusimama peke yake, kama ulivyosimama katika siku za Eusebi.

Tarehe 15 Desemba 1995 nchi ya Isiolo ilitengwa na Jimbo la Meru, na Luigi Locati akawekwa kuwa mchungaji wake wa kwanza mwenye cheo cha askofu. Alikuwa amekwisha kuzeeka katika nchi hiyo. Miaka karibu kumi baadaye, tarehe 14 Julai 2005, jioni, alipokuwa akitembea kutoka kituo cha kichungaji kwenda nyumbani kwake mjini Isiolo, alipigwa risasi akafa. Zilikuwa zimebaki siku tisa tu atimize miaka 77. Eusebi alirudi kwake Vercelli akafa kati ya watu wake. Locati hakurudi, bali naye alikufa kati ya watu wake, maana kwa muda huo Isiolo ulikuwa umekuwa kwake.

Kifo kama hicho kingeweza kulivunja kanisa changa, na kingeweza kuuvunja mji wenye makabila na dini nyingi, ambao mara kadhaa umeona damu ikimwagika kwa ajili ya malisho na mifugo. Lakini kanisa halikufungwa. Mchungaji mwingine aliwekwa mwaka wa 2006, na mwaka wa 2023 Isiolo ilipandishwa kuwa jimbo kamili. Katika muda huo huo njia ile ya kaskazini, iliyokuwa ya vumbi na vibali, imetiwa lami mpaka Moyale kwenye mpaka wa Ethiopia, na msafiri hupita Isiolo bila kusimamishwa na kizuizi cha zamani.

Msafiri apitaye mjini humo siku ya Jumapili na asimame kidogo. Alfajiri atasikia adhana kutoka minarani, kwa sauti ya mtu, bila chombo. Baadaye, jua likiwa limekwisha kupanda juu ya migunga, atasikia Wakristo nao wakianza kuimba. Ikiwa umeme umekatika, kinanda cha umeme kitanyamaza, lakini wimbo hautanyamaza. Wahenga walisema kila ndege huruka kwa ubawa wake, na kanisa la Isiolo laimba kwa pumzi ya watu wake.